Tiba ya uboho haiishii wodini

UGONJWA wa anemia ya aplastiki, ambapo uboho huacha kuzalisha damu, ulikuwa zamani sawa na hukumu ya kifo. Leo wengi hupona. Hata hivyo, swali zito ni hili: je, wanaopona huishi vipi miaka kumi baadaye?

Maradhi haya ni adimu. Barani Ulaya huwapata takriban watu wawili katika kila milioni moja kwa mwaka, nako Asia Mashariki idadi hiyo huongezeka mara mbili au tatu. Mara nyingi chanzo huwa ni kinga ya mwili yenyewe, ambayo hugeuka na kushambulia seli zinazozaa damu.

Kijana aliye na ndugu anayelingana naye hupandikizwa uboho. Wasio na bahati hiyo hupewa dawa za kutuliza kinga: serumu inayotokana na damu ya farasi, pamoja na siklosporini.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 122 waliotibiwa kwa njia hiyo. Baada ya miezi sita, takriban 60 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu. Baada ya miaka saba, waliokuwa hai walikadiriwa kuwa asilimia 55.

Takwimu hizo zinafichua mambo mawili. Kwanza, takriban thuluthi moja ya wanaopata nafuu hurudiwa na ugonjwa, ingawa wengi huweza kutibiwa tena. Pili, na hili ndilo la kutisha zaidi, baadhi yao hupata hitilafu za uboho zinazoweza kuishia katika saratani ya damu, pengine miaka mingi baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Isitoshe, hatima ya mgonjwa huamuliwa pia na soko. Mwaka 2007, serumu ya farasi iliyokuwa ikitumika Ulaya iliondolewa sokoni, madaktari wakalazimika kutumia ile ya sungura, iliyodhaniwa kuwa na nguvu zaidi. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 2011, utafiti wa Marekani uliolinganisha serumu hizo ulionyesha kuwa asilimia 68 ya waliopewa ya farasi walipata nafuu katika miezi sita, dhidi ya asilimia 37 ya wenzao wa sungura. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai walikuwa asilimia 94 dhidi ya 70.

Matumaini mapya yalikuja na eltrombopagi, tembe inayochochea uboho. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa ikiongezwa kwa tiba ya kawaida, wanaopata nafuu katika miezi sita hupanda kutoka asilimia 41 hadi 68. Lakini hata tembe hiyo haijaondoa hatari ya kurudiwa na ugonjwa.

Hapa ndipo kuna funzo kwa Kenya, ambako SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Bima inayolipia kitanda cha wodi pekee haijamaliza kazi. Mgonjwa huyu huhitaji siklosporini kwa miezi mingi, vipimo vya figo na shinikizo la damu, na uchunguzi wa damu maishani. Akikosa nauli ya kliniki au pesa za maabara, hatari iliyojificha itagunduliwa ikiwa imechelewa.

Kuokoa maisha ni hatua ya kwanza. Kuyalinda ndiyo kazi ya miaka.