Mgombea Urais na Kura ya Mkulima wa Ruaha

Mkulima wa miwa wa Ruaha, wilayani Kilosa, aliyejiunga na chama cha msingi cha ushirika, ana haki ambayo hatuitafakari vya kutosha. Sheria ya ushirika ya mwaka 2013 imesimama juu ya msingi wa mwanachama mmoja, kura moja. Awe na ekari moja au hamsini, kura yake katika kuwachagua viongozi watakaosimamia mauzo ya miwa yake ina uzito uleule. Mrajis yupo kuhakikisha kanuni zinafuatwa.

Mkulima huyohuyo anaweza kuwa na kadi ya chama cha siasa kwa miaka thelathini na asipate kamwe kura ya kumteua mgombea urais.

Tukumbuke mwaka 2015. Wana-CCM 38 walirejesha fomu, na kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu ikiwa ya Zanzibar. Hapo ndipo mwanachama wa kawaida alipohitajika: atie saini, kisha arudi shambani. Mjini Dodoma, Kamati Kuu ikabakiza majina matano, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, na Mkutano Mkuu ukampitisha John Magufuli kwa kura 2,104. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi wa kikao chao. Edward Lowassa, aliyekatwa, alihamia CHADEMA tarehe 28 Julai na siku chache baadaye akawa mgombea wake. Kasoro hii, basi, si ya chama kimoja.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo, katika kura za maoni za ubunge, CCM iliwaruhusu wanachama wake wote kupiga kura. Mwanachama wa Jimbo la Mikumi aliaminiwa kumchagua mgombea ubunge. Kwa urais hakuaminiwa. Januari 2025 hata mchujo haukuwapo: Mkutano Mkuu ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kwa azimio. Mtu anaweza kumuunga mkono Rais na bado akahoji utaratibu huo.

Zipo hoja mbili za kupinga mageuzi. Ya kwanza inasema chama ni jumuiya ya hiari, na mambo yake ya ndani hayaihusu sheria. Lakini ushirika nao ni wa hiari, na sheria imeingia. Zaidi ya hayo, Ibara ya 39 ya Katiba inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki. Zuio lingali lipo. Maadamu mlango ni mmoja tu, mlango huo ni mali ya umma.

Hoja ya pili ni rushwa: wapiga kura wakiongezeka, fedha zitamwagika zaidi. Nchini Ghana, chama cha NPP kilimteua mgombea wake mwaka 2007 kwa kura za wajumbe wasiozidi elfu chache. Kikabadili katiba yake, na mwaka 2010 waliostahili kupiga kura walizidi 100,000. Fedha haikutoweka katika siasa za Ghana. Hata hivyo, kuwahonga watu elfu mbili waliokusanyika katika mji mmoja ni kazi nyepesi. Kuwahonga laki moja waliotawanyika vijijini ni ghali, tena ni vigumu kuficha.

Napendekeza Sheria ya Vyama vya Siasa iweke masharti matatu. Vikao vya juu viendelee kuchuja, lakini majina yasiyozidi matatu yapelekwe matawini yakapigiwe kura ya siri na wanachama wote, hata Rais aliye madarakani anapoomba tena. Anayekatwa apewe sababu kwa maandishi. Na daftari la wanachama lihakikiwe mapema, ili kadi zisigawiwe usiku wa kuamkia uchaguzi.

Muda wa kuyafanya haya kabla ya mwaka 2030 upo. Mkulima wa Ruaha amekwisha kuzoea kuchagua wasimamizi wa miwa yake. Hatuna sababu ya haki ya kumnyima sauti katika kumteua atakayeisimamia nchi yake.