Vijana Wafundishwe Mahali Mafaili Yanapokaa

Mwulize kijana aliyekulia katika zama za simu za kugusa mahali ilipowekwa barua aliyoiandika jana, naye aghalabu atakujibu kwamba imo ndani ya programu aliyoiandikia, na ukizidi kumdadisi atakufungulia orodha ya mafaili ya karibuni, na akiisha kuliona lake hapo atatulia, akidhani jawabu limetimia. Simlaumu kijana huyo, kwa sababu waundaji wa vyombo hivyo walikusudia hasa asiwe na haja ya kujua. Lawama yangu nawaelekezea wale wanaopanga mafunzo ya kompyuta katika shule na vyuo vyetu, ambao huanza kwa kumwonyesha mwanafunzi vipicha vya kubofya, na mara nyingi huishia hapohapo, ilhali elimu ya kujua mali yake imekaa wapi, na ya kuiamrisha ihame, inakiliwe au ifutwe, ingeweza kuanza vema kwenye terminali ya mfumo endeshi wa Linux, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, ambayo wengi huihofu kabla ya kuijaribu.

Linux iliasisiwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, naye alifuata nidhamu ya mfumo wa Unix, ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie waliuanza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs huko Marekani. Katika nidhamu hiyo hakuna diski C wala diski D. Kila kilichomo, hata flashi iliyochomekwa sasa hivi, hutoka katika saraka (yaani folda) moja tu ya asili, iandikwayo kwa mstari mmoja wa mshazari, na kutoka hapo saraka huzaa saraka. Ndiyo maana jina kamili la faili, kwa mfano /home/asha/barua/ombi.txt, husomeka kama nasaba: ombi ni mwana wa barua, barua mwana wa asha, asha mwana wa home, na home mwana wa yule mzee mmoja asiye na baba. Na kwa kuwa nyumbani mtu huitwa kwa jina lake tu pasipo kutajiwa mababu, mwenye kusimama ndani ya saraka ya barua atalitaja faili hilo kwa kifupi, na kompyuta itafahamu. Amri ya pwd humwambia mtu mahali aliposimama, ls humtajia vilivyopo, na cd humhamisha. Akiiandika cd pamoja na nukta mbili, hupanda kwa mzazi.

Majina ya saraka hizo hayakutungwa na mwenye hekima mmoja aliyeketi faraghani akatafakari, na kwa hakika hilo ndilo linalonipendeza zaidi katika habari yote hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 diski za Bell Labs zilikuwa ndogo mno, hata programu za mfumo zilipoongezeka zikaijaza diski ya kwanza, zikafurika katika ya pili, ambayo ilikuwa ya mafaili ya watumiaji na iliitwa /usr. Hivyo pakawa na programu katika /bin na nyingine katika /usr/bin, kwa sababu ya ufinyu wa nafasi na si kwa sababu nyingine. Baadaye diski zikawa kubwa, makazi ya watumiaji yakahamishwa, ambayo katika Linux yako /home, walakini programu zikasalia kulekule /usr, na warithi waliozikuta saraka mbili za kazi moja wakajitafutia hekima ya kuueleza mgawanyiko ambao asili yake ilikuwa dhiki tupu. Mwaka 1994 ulitolewa mwongozo wa kwanza wa mpangilio wa saraka za Linux, na mwaka 2012 watu wa Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, wakaziunganisha zile mbili, takriban miaka arobaini baada ya diski ile kujaa. Kadhalika ile ada ya kuficha kila faili ambalo jina lake huanza kwa nukta, Rob Pike, aliyekuwa mmoja wa watu wa Bell Labs, ameeleza kwamba ilitokana na njia ya mkato katika programu ya ls, wala haikukusudiwa. Mwanafunzi akisimuliwa haya hataiona tena kompyuta kuwa ni muujiza ulioshuka umekamilika, bali kazi ya watu waliokuwa na haraka na uhaba.

Wapo wanaosema kwamba terminali ni hatari, na hapo hawasemi uongo. Amri ya rm haina kapu la taka, ikishafuta, imefuta. Mwaka 1998 katika studio ya Pixar mtu mmoja alitoa amri ya namna hiyo mahali pasipofaa, na sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ikatoweka huku wenyewe wakiitazama, na nakala za akiba zilipofunguliwa zikaonekana hazifai. Filamu ikaokolewa na Galyn Susman, mfanyakazi wa studio hiyo, ambaye kwa sababu ya mtoto mchanga alikuwa akifanyia kazi nyumbani na alikuwa na nakala yake huko. Wengine huitoa hadithi hii ili kuwatisha wanafunzi. Mimi naona inafundisha kuandika pwd kabla ya rm, na kuzijaribu nakala za akiba kabla ya siku ya msiba.

Ama hoja ya kwamba amri hizo ni za Kiingereza, haina uzito: mv, amri ya kuhamisha, na ls haziwi wazi kwa Mwingereza mpaka naye afundishwe. Kwa upande wa pili faida ni dhahiri. Karani wa masjala mwenye barua elfu tatu zilizopigwa skani, ambazo majina yake yana mwaka, atashinda wiki nzima akiziburura moja moja kwa kipanya, lakini mwenzake ataandika mkdir 2019 kuunda saraka, kisha mv *2019*.pdf 2019/, na barua za mwaka huo zote zitahama, na amri hiyo itabaki imeandikwa, iweze kukaguliwa na kurudiwa mwakani na mtu mwingine. Fauka ya hayo, tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani huendeshwa kwa Linux, na kiini chake ndicho kilichomo katika kila simu ya Android, ambayo picha za kamera yake hukaa katika saraka iitwayo DCIM, mwenye simu ajue au asijue.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio, maadamu Linux hupatikana bure na huridhika na kompyuta iliyokwisha kukataliwa ofisini. Kila mwanafunzi apewe akaunti yake na saraka yake chini ya /home, pasipo idhini za msimamizi, ili akikosea aharibu vya kwake tu. Na mwalimu awe na nakala ya yote katika diski nyingine, kabatini.