Vakansi kubwa: mtoto asisahau kusoma



Buletini zimekwisha kutolewa. Tangu mwanzo wa mwezi wa 7 mpaka mwanzo wa mwezi wa 9 watoto wako nyumbani. Mtoto wa darasa la pili aliyeanza tu kuunganisha herufi, kama hashiki kitabu miezi miwili, atarudi kutafuta tena "ba, be, bi". Mnakumbuka mwaka 2020: masomo yalifungwa mwezi wa 3 sababu ya Corona, na mwezi wa 8 ni madarasa ya mwisho tu yaliyorudi.

Wamama wengi wanasema: "Miye sijue Kifaransa. Nitamufundisha mutoto nini?"

Mama, Kiswahili chako kinatosha. Mtoto anayesoma Kiswahili vizuri anajua tayari kusoma. Kifaransa kitakuja juu yake. Tena wewe unaweza kumsahihisha. Kama imeandikwa "samaki" naye anasoma "samani", utasikia mara moja, hata kama haukuona kitabu, sababu maneno hayataungana. Jioni, mbele ya bukari, nusu saa inatosha. Chukueni Biblia, kitabu cha nyimbo, ao gazeti hili. Asome mistari mitano kwa sauti. Kisha afunge kitabu na umuulize: "Umesoma nini? Niambie kwa kinywa chako." Hapo usimwachilie, kwa maana watoto wengi wanasoma kama kasuku, kinywa kinatembea na akili iko inje.

Kwa hesabu, soko ni mwalimu mzuri. Mtoto awe na kaye ya nyumba: aandike bei ya meka ya unga, ya makala, ya mafuta, ajumlishe, aseme feza ngapi zimebaki. Wakubwa wajifunze asilimia, na huku kwetu hiyo si mchezo. Mnunuzi wa madini analipa kwa kilo na kwa kiwango kilicho ndani ya jiwe. Mfuko wa kilo 50 wenye asilimia 4 ya kobalti una kilo 2 tu za kobalti. Mnunuzi akisema asilimia 3, ni kilo moja na nusu. Baba wangapi wanapokea tu kile wanachoambiwa? Mtoto afanye hesabu hiyo mezani, nyumbani.

Nasema nyumbani, kwa maana vakansi ndiyo wakati wengi wanapelekwa kuosha mawe. "Aende kidogo, apate feza ya uniforme." Tunajua shida: masomo ya primeri ya serikali ni bure tangu mwezi wa 9 wa 2019, lakini uniforme na kaye zinanunuliwa, na sekonderi bado inalipisha. Walakini sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, na sheria ya madini inampa karata ya mchimbaji mtu mzima tu. Zaidi ya sheria, iko jambo lingine: mtoto aliyezoea kushika feza kila jioni, mwezi wa 9 banki ya darasa inakuwa ndogo kwake. Vumbi na mashimo, nani hayajui? Afazali auzishe karanga ao mikate mbele ya lupango, karibu na mama, na kaye yake magotini.

Ninyi vijana wa sekonderi, msikae bure. Kusanyeni watoto watano wa lupango, saa moja asubuhi, mara tatu kwa juma. Bila fimbo. Kisha muwaache waende kucheza mpira, kwani vakansi ni vakansi.

Na kaye za mwaka uliopita, tusifungie karanga haraka. Kurasa nyeupe zinabaki nyingi nyuma. Zikateni, zishoneni kwa uzi: mnapata kaye nzima ya miezi hii miwili.