Mcheza kwao atunzwe

Nami nataka kutoa maoni yangu juu ya namna Serikali yetu inavyosaidia utamaduni, sanaa, utangazaji na utalii. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, karibu na barabara kuu iendayo Musoma. Si mtaalamu wa mambo haya. Naandika kwa sababu mwaka jana nilitenda kosa ambalo nadhani walimu na viongozi wengi tunalitenda bila kulifikiria.

Tulipata taarifa kwamba kijiji kitatembelewa na mgeni wa heshima. Kama ilivyo kawaida, nikaagizwa niandae ngoma ya watoto. Nikaenda kwa mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa manju wa bugobogobo. Wasomaji wa mikoa mingine huenda wameiona ngoma hiyo kwenye sherehe za kitaifa, vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka. Lakini asili yake si uwanjani, ni shambani. Kikundi cha kulima kwa zamu kilikuwa na wapiga ngoma wake, ili majembe yote yashuke kwa pamoja na watu wasahau uchovu. Mzee huyo aliwafundisha watoto wangu ishirini na wanne kwa majuma matatu, kila jioni baada ya masomo, bila kudai senti. Hakuwafundisha kurusha jembe tu. Aliwaeleza kila wimbo ulitungwa kwa sababu gani, na kwa nini jembe huinuliwa pale ngoma kubwa inapolia.

Siku ya mgeni tulikaa juani tangu saa mbili asubuhi. Mgeni alifika saa nane mchana. Watoto walicheza muda wa dakika nne hivi, kisha ndugu mmoja wa itifaki akatupungia mkono kuonyesha kwamba inatosha. Zikafuata hotuba. Baadaye niligundua kwamba mwenye hema alilipwa, mwenye viti alilipwa, na kijana aliyeleta spika kutoka mjini alilipwa. Watoto walipewa biskuti. Mzee alipewa soda.

Jioni nilimsindikiza nyumbani. Njiani akaniambia, "Mwalimu, viti vimelipwa, mimi sikulipwa. Safari nyingine uwaambie wacheze na viti." Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hajafika tena shuleni, wala mimi sijapata uso wa kumwendea.

Kabla hatujaagana alinieleza jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alisema kwamba katika miaka ya 1970, yeye akiwa kijana, gari la radio lilifika katika mashindano yao ya ngoma. Walinaswa sauti mchana kutwa. Baada ya muda walikusanyika kwa mwenye duka aliyekuwa na radio, wakajisikia wenyewe wakiimba kutoka Dar es Salaam. Aliyekuwa akiongoza wimbo ni kaka yake, ambaye amekwisha kufariki. Mzee akaniuliza kama nyimbo zile bado zipo, na kama mtu wa kijijini anaweza kuzisikia tena kabla hajafa. Sikuwa na jibu.

Ndugu Mhariri, sitaki nionekane mtu asiyeona yaliyofanyika. Nchi yetu ilitambua mapema kwamba uhuru bila utamaduni ni nusu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1984 likaanzishwa kwa sheria Baraza la Sanaa la Taifa. Radio Tanzania nayo, wakati ambapo studio za kunasia muziki zilikuwa adimu nchini, ilinasa bendi za dansi, taarab, kwaya na ngoma za makabila yetu. Kazi ile ilikuwa kubwa. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa mtu wa kijijini huko Ugogo. Alichukuliwa katika kikundi cha taifa, akafundisha Bagamoyo, na zeze lake likasikika Ulaya na Marekani. Huo ni ushahidi kwamba mkono wa Serikali ukimfikia mtu wa kijijini, taifa zima hufaidika.

Hata siku hizi juhudi zipo. Mwezi Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alifika hapa kwetu Kisesa katika tamasha la utamaduni, na machifu wakampa jina la Hangaya. Mwaka 2022 akatoka katika filamu ya kuitangaza nchi, na mwaka 2023 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.8 kutoka nje. Aidha, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umefufuliwa na unawakopesha wasanii. Kwa hayo yote naipongeza Serikali.

Tatizo langu ni kwamba msaada huo, unapoteremka kutoka juu, huishia mjini. Mkopo unamfaa mwanamuziki mwenye kuuza nyimbo zake au kufanya maonyesho ya kiingilio. Kikundi cha ngoma cha wakulima hakina tiketi ya kuuza, hivyo hakina cha kurejeshea mkopo. Utalii nao hupita barabarani. Magari ya watalii yanatoka Mwanza, yanapita Kisesa na Magu mjini, yanakwenda hadi lango la Ndabaka na kuingia Serengeti. Watoto wangu huyapungia mikono. Nyumbu ana siku tatu za kutazamwa, na manju hana hata nusu saa. Simwonei wivu nyumbu, maana fedha zake zinasaidia kujenga nchi. Nasema tu kwamba mgeni aliyetoka mbali angeweza kusimama saa moja akajua kwamba nchi hii ina watu pia.

Na mahali pa kusimama papo. Pale Bujora, Kisesa, pana Makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na marehemu Padre David Clement. Kila mwaka mwezi Juni hufanyika hapo sherehe ya Bulabo, ambapo makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kama yalivyoshindana tangu enzi za babu zetu. Kila upande hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Hapana jaji mwenye karatasi. Watu ndio majaji, nao hupiga kura kwa miguu yao. Sijui mchezo mwingine wenye haki kuliko huo.

Wapo watakaosema kwamba Serikali ina kazi kubwa zaidi ya ngoma: zahanati, maji, madawati. Mimi ninafundisha darasa ambalo watoto watatu huketi dawati moja, kwa hiyo siwezi kuambiwa sijui shida. Lakini siombi jumba la maonyesho wala mamilioni. Naomba mambo manne, nayo yote yanataka utaratibu zaidi kuliko fedha.

Kwanza, kanda za zamani zirudi vijijini. Shirika la Utangazaji Tanzania ndilo linalotunza hazina iliyoachwa na Radio Tanzania. Nyimbo za dansi tunazisikia katika vipindi vya zilipendwa, na tunashukuru. Ngoma za asili husikika kwa nadra mno. Kanda huchakaa, na waliozijua nyimbo hizo wanakufa. Naomba nakala za ngoma zilizonaswa katika kila mkoa zipelekwe katika mkoa huo, ziwekwe kwenye makumbusho, maktaba na vyuo vya ualimu, ili mwalimu au mjukuu aweze kwenda kusikiliza. Siku hizi nyimbo elfu moja huingia katika kidude kidogo kama kucha. Naomba pia kipindi kimoja kwa juma, saa ambayo wakulima wamekwisha rudi nyumbani, chenye wimbo wa kabila fulani na maelezo yake kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo Mmakonde atamwelewa Msukuma na Mhaya atamwelewa Mgogo. Wanaoogopa kwamba nyimbo za makabila zitaleta ukabila wajiulize kama ukabila huletwa na kufahamiana au na kutofahamiana.

Pili, mcheza ngoma alipwe. Itolewe kanuni kwamba shughuli yoyote ya Serikali inayoita kikundi cha ngoma iweke fungu la kikundi hicho katika makisio yake, kama inavyoweka fungu la hema na viti. Kiasi si neno. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumegeuza, mcheza kwao hupewa soda. Mzee akilipwa shilingi alizokubaliana na wenye shughuli, mwanawe ataona kwamba ngoma ni kazi ya heshima na atataka kujifunza.

Tatu, wahusika wa utamaduni na wa utalii wakae meza moja. Utamaduni una wizara yake na utalii una wizara yake, na katika ngazi ya wilaya afisa utamaduni mara nyingi hana hata pikipiki ya kumfikisha kijijini. Ingetosha kila wilaya iliyo njiani kuelekea mbuga za wanyama iwe na orodha ya vikundi vyake, siku vinapopatikana, na malipo yanayojulikana, na orodha hiyo wapewe wenye makampuni ya kutembeza watalii. Malipo yagawanywe hadharani katika mkutano wa kijiji, ili pasitokee mjanja wa kuyala peke yake. Izingatiwe pia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo inazitambua ngoma, nyimbo na hadithi za jadi. Mtu akitumia wimbo wetu kujipatia fedha, wenye wimbo nao wakumbukwe.

Nne, shule ziruhusiwe kuwatumia wazee. Mtaala wa sasa una somo la utamaduni, sanaa na michezo kwa madarasa ya chini, na Sanaa na Michezo kwa madarasa yanayofuata. Hilo ni jambo jema sana. Lakini tujiulize nani analifundisha. Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu nilikariri maana ya utamaduni, nikaijibu katika mtihani, nikafaulu. Hakuna aliyenishikisha ngoma. Leo nafundisha kwa kuchora ngoma ubaoni, wakati aijuaye kweli anaishi umbali wa dakika kumi kutoka shuleni, amekaa mlangoni kwake anasuka kamba. Ikubaliwe rasmi kwamba mzee kama huyo ni mwalimu mgeni, aje mara moja kwa juma, na apewe kifuta jasho kutoka halmashauri.

Najua baadhi ya wazazi hawatapenda. Katika kijiji chetu wapo wanaosema ngoma ni ushirikina, kwa kuwa zamani mamanju walijulikana kwa dawa za kuvuta watu. Sikatai kwamba dawa zilikuwapo. Lakini mtoto anaweza kufundishwa wimbo bila kufundishwa dawa, kama vile tunavyoweza kula nanasi tukaacha miba yake. Kanisa pale Bujora limekaa na ngoma hizi kwa zaidi ya miaka sitini, na imani haikupotea.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nirudi kwa kosa langu. Mimi nilikuwa wa kwanza kumtumia mzee yule kama pambo. Nilikumbuka ngoma kwa sababu mgeni anakuja, na mgeni alipoondoka nikayafungia majembe stoo. Kama mwalimu anafanya hivyo, watoto watajifunza nini, ila kwamba utamaduni ni kitu cha kuwaonyesha wakubwa kisha ukakunjwa pamoja na hema? Nimekwisha kata shauri. Muhula ujao nitamwendea mzee na kumwomba radhi mbele ya watoto wale ishirini na wanne, na sisi walimu tumekubaliana kuchanga kidogo kila mwezi kwa ajili yake hadi wakubwa watakapoona njia bora zaidi.

Lakini lile swali lake siwezi kulijibu kwa mchango wa walimu. Sauti ya kaka yake ilichukuliwa hapa kijijini kwa ajili ya taifa, na taifa liliifurahia. Kama bado ipo mahali, naomba wenye funguo watuelekeze mlango wa kubisha. Mzee amekwisha pita miaka sabini, na macho yamefifia. Masikio yake bado ni mazima.

Mwalimu wa Kijijini,
Magu, Mwanza.