Alama ya biashara haivuki mpaka pamoja na mzigo

BUJUMBURA – Mfanyabiashara wa Bujumbura anapopakia sabuni, unga au mafuta ya mawese kwenda Uvira ama Kigoma, kwa kawaida huwa amekamilisha karatasi zote za safari: ankara, cheti cha uasilia, hati ya ubora na malipo ya forodha. Karatasi moja husahaulika mara nyingi, nayo ni ile inayoonyesha jina lililochapwa kwenye katoni ni mali ya nani katika nchi unakokwenda mzigo.

Hapo ndipo penye hatari. Bidhaa inaweza kuvuka mpaka kwa nafuu ya ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini ulinzi wa alama yake huishia pale inapoishia nchi iliyoisajili. Aliyesajili Burundi pekee, akifika Kongo au Tanzania, huhesabiwa kuwa hajasajili.

Alama ni nini, na si nini

Alama ya biashara ni ishara inayomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa ya muuzaji mmoja na ya mwingine. Inaweza kuwa neno, picha, herufi, tarakimu au mchanganyiko wake. Kwa lugha ya uchumi, alama humpunguzia mnunuzi gharama ya kutafuta: akiisha kuiamini sabuni fulani, hana haja ya kuikagua kila siku. Bidhaa bandia ikiingia sokoni kwa jina lilelile, mnunuzi hushindwa kutofautisha, na bei anayokubali kulipa hushuka hata kwa mwenye bidhaa halisi.

Wengi huchanganya alama na jina la kampuni. Kuandikisha kampuni na kupata namba ya mlipakodi, NIF, kunaruhusu biashara ifanyike kihalali, lakini hakumpi mwenyewe haki ya kumzuia mwingine asichape jina hilo kwenye bidhaa zake. Cheti cha BBN nacho kinahusu viwango vya ubora. Alama ina daftari lake, ambalo nchini Burundi hutunzwa na ofisi ya mali ya viwanda chini ya wizara inayoshughulikia biashara.

Si kila neno linafaa kuwa alama. Neno linaloeleza bidhaa yenyewe, kama vile "Sabuni Safi" kwa sabuni au "Mawese ya Rumonge" kwa mafuta yanayotoka Rumonge, ni dhaifu, kwani kila muuzaji ana haki ya kueleza anachouza. Neno la kubuni, au neno lisilohusiana na bidhaa, hulindwa kwa urahisi zaidi.

Aidha, usajili hufanyika kwa madaraja. Mfumo wa kimataifa ulioanzia kwenye Mkataba wa Nice wa mwaka 1957 una madaraja 45, yaani 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Sabuni imo daraja la 3, kahawa na unga daraja la 30, bia daraja la 32, na usafirishaji daraja la 39. Ndiyo maana kampuni ya Disney iliweza kusajili maneno "Hakuna Matata" nchini Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi, jambo lililozua malalamiko makubwa mwaka 2018. Usajili huo haukumzuia mtu kuyatamka maneno hayo, wala haukuwa na nguvu Mombasa. Ulihusu aina fulani ya bidhaa katika nchi moja.

Sheria ya Burundi ilibadilika

Kwa muda mrefu Burundi ilitumia sheria ya mwaka 1964, ambayo iliruhusu alama iliyosajiliwa kudumu bila kikomo. Sheria namba 1/13 ya tarehe 28 Julai 2009 kuhusu mali ya viwanda ilileta utaratibu mpya: usajili hudumu miaka 10 na unaweza kuhuishwa kila baada ya miaka 10. Kwa hiyo familia au kampuni yenye hati ya zamani iliyowekwa kabatini isidhani kwamba hati hiyo inajilinda yenyewe. Inafaa kwenda kwa msajili kuuliza hali yake daftarini na kupata jibu kwa maandishi.

Majirani wana hesabu zao. Kenya hutoa miaka 10. Tanzania Bara na Uganda hutoa miaka 7 ya mwanzo, kisha 10 kila mara ya kuhuisha. Kongo, chini ya sheria ya tarehe 7 Januari 1982, hutoa miaka 10. Nchini Tanzania kuna madaftari mawili: BRELA kwa Bara na BPRA kwa Zanzibar. Aliyesajili Dar es Salaam hajasajili Zanzibar.

Jumuiya moja, madaftari mengi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inataja ushirikiano katika haki za ubunifu. Hata hivyo, Jumuiya haina daftari moja la alama. Mfano ulio karibu ni bia ya Primus: nchini Burundi hutengenezwa na Brarudi, Rwanda na Bralirwa, na Kongo na Bralima. Mnywaji husoma jina lilelile pote, lakini kisheria kila nchi hulilinda kwa daftari lake.

Njia za mkato ni chache. Mfumo wa Madrid, unaoruhusu ombi moja kwa nchi nyingi, unatumiwa na Kenya tangu 1998 na Rwanda tangu 2013, lakini Burundi haimo. Vilevile Burundi si mwanachama wa ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare.

Ipo nafasi moja ambayo wengi hawaitumii. Burundi ni mwanachama wa Mkataba wa Paris tangu mwaka 1977, na Kongo, Tanzania, Rwanda, Uganda na Kenya nazo ni wanachama. Kwa mujibu wa mkataba huo, aliyewasilisha ombi lake la kwanza Bujumbura ana miezi 6 ya kuwasilisha ombi la alama hiyohiyo katika nchi nyingine na kuhesabiwa tarehe ya Bujumbura. Mtu mwingine akiliwahi jina hilo Kinshasa katikati ya muda huo, wa Bujumbura bado hutangulia. Miezi 6 ikipita, faida hiyo imekwisha.

Mwenzako wa biashara

Hatari kubwa zaidi huenda isitoke kwa mtengeneza bandia. Chukua mfano wa mtengenezaji wa sabuni anayempa msambazaji wa Uvira haki ya kuuza peke yake. Soko likikubali, msambazaji anaisajili alama kwa jina lake mwenyewe. Siku wanapokosana kuhusu bei, mwenye kiwanda anajikuta yeye ndiye anayeweza kushtakiwa kwa kuingiza sabuni yake mwenyewe.

Kongo na Burundi hutoa haki kwa msingi wa kusajili. Katika nchi zenye mapokeo ya sheria ya Kiingereza, kama Tanzania, Uganda na Kenya, aliyetangulia kutumia jina anaweza kudai mahakamani, lakini kwa ushahidi mwingi na gharama za mawakili. Ni nafuu kuandika kwenye mkataba wa usambazaji, kabla ya katoni ya kwanza kuondoka, kwamba alama ni ya mtengenezaji na msambazaji hatasajili jina hilo wala linalofanana nalo.

Wasafirishaji nao

Mwenye lori hawezi kusema jambo hili halimhusu. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia ya mwaka 2008. Shehena ikizuiwa kwa ukaguzi, siku za kungoja huliwa na mwenye mzigo na msafirishaji pamoja. Ni busara mkataba wa usafirishaji useme kwamba mwenye mzigo anathibitisha haki yake juu ya alama na atabeba hasara ya kuzuiwa. Mzigo wa lebo tupu au mifuko mitupu yenye jina la kampuni nyingine unastahili kuulizwa kabla ya kupakiwa.

La kufanya

Kwanza, omba msajili apekue daftari kabla ya kuchapa lebo. Pili, sajili kwa jina la kampuni yenyewe, katika daraja la bidhaa unayouza. Tatu, hesabu miezi 6 na uchague nchi mbili au tatu unakouza kweli, maana kusajili pote ni gharama isiyo na sababu. Nne, tunza ankara, picha za vifungashio na matangazo yenye tarehe. Tano, andika tarehe ya kuhuisha mahali ambapo mhasibu ataiona.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa anayeuza Uvira na Kigoma, daftari la Bujumbura peke yake halitoshi.