Ndoo ya pumba na mabua yasiyoguswa

Siku hizi kila ninapopita Mapera nakuta jambo lile lile: mabua ya mahindi yamejaa horini hayajaguswa, ila ndoo ya pumba imelambwa mpaka inang'aa. Mwenye ng'ombe ananiambia, "Bwana mifugo, huyu anachagua chakula." Hachagui. Tumbo tumemharibia sisi.

Nikisema sisi, na mimi nimo. Mwaka juzi nilimshauri mama mmoja aongeze pumba ili maziwa yapande. Yalipanda kweli, siku chache tu. Halafu ng'ombe akaacha mabua, kucheua kukapungua, kinyesi kikawa kama uji, maziwa yakashuka kuliko tulipoanzia. Nikamwandikia dawa ya minyoo, akatoa hela yake bure.

Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kumeng'enya nyuzinyuzi za mabua. Kazi hiyo wanaifanya vijidudu wanaoishi kwenye tumbo la kwanza, yaani rumeni. Wanaokula nyuzinyuzi huenda taratibu. Wanaokula wanga wana haraka, na wakishiba huacha tindikali nyingi. Pumba zina wanga mwingi, hasa zile za mashine ya kukoboa. Ukimwaga ndoo nzima kwa mpigo, pH ya rumeni inashuka, na ikienda chini ya 6 wale wa nyuzinyuzi wanazubaa. Mabua yanakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anajiona ameshiba wakati mwili una njaa. Tena mate ndiyo yanayopoza tindikali, nayo hutoka kwa wingi anapotafuna na kucheua. Asipocheua, ndiyo inazidi.

La pili tunalisahau sana: vijidudu nao wanataka protini. Mabua makavu mara nyingi hayafiki asilimia 7, na chini ya hapo wanaanza kudhoofika. Ukileta wanga peke yake, wale wenye haraka wanakwapua hata hicho kidogo kilichopo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla ya kununua gunia la pili la pumba, tafuta kwanza majani. Lusina, marando ya viazi vitamu, au mashudu ya alizeti ukiyapata. Na masalia ya maharage, jamani, tunayachoma shambani halafu tunalia hatuna chakula cha mifugo!

Pumba usiache. Toa kilo 1 au 2 asubuhi na nyingine jioni, akishakula mabua, yakatekate. Ukitaka kuongeza, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Wenzetu wa ziwani wanaolisha muhogo, hesabu ni hiyo hiyo, ila ukaushwe vizuri kwanza kwa ajili ya sumu.

Yule mama tulianza naye upya hivyo. Wiki ya tatu nilipita asubuhi, hori lilikuwa tupu na ng'ombe amelala anacheua.