Tuwafunze wanafunzi historia ya Eastlands kabla tingatinga halijafika

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili iliyo kando ya Barabara ya Jogoo, jijini Nairobi. Niliwauliza maswali mawili. La kwanza lilihusu mnara mashuhuri wa jiji la Paris. Mikono mingi iliinuka, na msichana mmoja anayesomea Kifaransa akautaja mnara wa Eiffel pamoja na mwaka ulipofunguliwa, 1889. Swali la pili nililidhania kuwa jepesi zaidi: Ofafa alikuwa nani? Darasa lilinyamaza kimya, ilhali baadhi ya wanafunzi hao wanaishi Ofafa Jericho na Ofafa Maringo.

Sipingi vijana wetu kuijua Paris, maana elimu ni bahari. Wala siwalaumu, kwa kuwa mtoto hawezi kujua asilofunzwa. Lawama ni yetu sisi watu wazima, hususan walimu, tuliowaaminisha kwamba historia huishi ng'ambo au katika vitabu, na kwamba Eastlands ni mahali pa kulala tu.

Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi aliyeuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Mtaa wa Mbotela nao unamkumbuka Tom Mbotela, aliyekuwa kiongozi katika chama cha KAU na ambaye aliuawa mwaka 1952. Kwa nini serikali ya kikoloni iliwaenzi hawa na si wengine waliokufa miaka hiyo? Swali hilo pekee latosha kuwa somo la kipindi kizima.

Majina mengine nayo yana mengi ya kusimulia. Kariokor ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao maelfu kwa maelfu yao waliangamizwa na maradhi na njaa kuliko risasi. Soko la Burma linatukumbusha askari wetu waliopelekwa kupigana huko Asia katika vita vya pili.

Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, wakati mnara ule wa Eiffel ulikuwa umetimiza miaka 10. Mwafrika alitakiwa kufanya kazi mjini, lakini hakutakiwa kuwa mwenyeji wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Pumwani ilitengwa kuwa makao rasmi ya Waafrika. Humo waliruhusiwa kujijengea nyumba zao, na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Mitaa mingi iliyojengwa baadaye na Baraza la Jiji na shirika la reli ilikuwa na vyumba vidogo vya wanaume wasio na familia. Mke na watoto walitarajiwa kubaki kijijini.

Ukuta huo haukudumu. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilipata wakazi 118,976 katika Nairobi nzima. Ile ya 2019 ilipata 4,397,073. Baada ya Uhuru familia zilikuja, na katika miaka ya 1970 zikazuka Buruburu, Umoja na Dandora.

Je, tuna jengo la kuonyesha? Naam. Ukumbi wa Kaloleni hauna urefu wa kumshangaza mtalii, lakini tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, Makhan Singh alisimama humo akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alitiwa mbaroni, akazuiliwa kwa zaidi ya miaka 11. Ni wanafunzi wangapi hupita mbele ya ukumbi huo kila asubuhi bila kugeuza shingo?

Nasema haya leo kwa sababu wakati unatuponyoka. Mipango ya kubomoa mitaa ya kale na kujenga maghorofa inaendelea. Sitetei kuta zilizopasuka wala majitaka yanayotiririka mlangoni pa mtu. Wakazi wa Eastlands wanastahili nyumba bora. Lakini tujifunze kutokana na Pangani, ambayo imebomolewa mara mbili. Kijiji cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa watu wake wakahamishiwa mtaa mpya wa Shauri Moyo. Katika miaka ya hivi karibuni nyumba za baraza zilizokuwa huko Pangani nazo zimevunjwa kupisha maghorofa. Ni nani awezaye kutueleza leo kijiji kile kilikuwaje? Nyumba zilipoanguka, masimulizi yalitawanyika pamoja na watu.

Mtaala wa umilisi unamhimiza mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Basi kila shule ya Eastlands na itenge muhula mmoja wanafunzi wawaendee wazee wa mtaa, wawaulize na kuandika. Mwalimu wa Kiswahili azifanye simulizi hizo kuwa insha, wa historia azilinganishe na vitabu, na nakala zihifadhiwe katika maktaba ya shule. Serikali ya Kaunti nayo ihakikishe kuwa mitaa mipya inabaki na majina yake ya kale, na kwamba Ukumbi wa Kaloleni hauguswi ila kwa ukarabati.

Kazi hii haihitaji mkopo wala mfadhili. Inahitaji daftari, kalamu na mwalimu mwenye moyo. Ila wazee hawatungojei, na tingatinga nalo halina subira. Mwacha asili ni mtumwa.